Tulipoanza na Mengineyo

Vikao vilikuwa vinanikondesha, wallahi. Ofisi yetu iko Bigwa, chini ya mlima. Tunakusanya mboga na stroberi za wakulima wa Uluguru na kuzipeleka Dar. Kila Jumatatu asubuhi tunakaa, tunaomba dua, tunasoma muhtasari wa kikao kilichopita, na hapohapo tunazama! Huyu anabishia hili, yule anabishia lile. Chai ikifika, maandazi yanajadiliwa kuliko mboga. Jambo la maana mtu kalibana mpaka ajenda ya mwisho, Mengineyo, na tukifika hapo meneja anatazama saa: "Jamani, muda umetutupa mkono. Mengineyo wiki ijayo. Tufunge kwa dua."

Jumatatu moja meneja akaamka na homa. Akanipigia simu: "Dada, kikao cha leo ni chako."

Weee! Niliingia ofisini nusura niruke kwa furaha. Dua ilipoisha, sikugusa muhtasari.

"Leo tunaanza na Mengineyo," nikasema.

Mhasibu akacheka. "Kwani gazeti unalisoma kuanzia nyuma?"

"Ndiyo, nyuma ndiko kwenye mpira!"

Walipomaliza kucheka, dereva wetu akakohoa. Ni mtu mzima, na ndiye pekee anayethubutu kupandisha ile barabara ya mlimani wakati wa masika.

"Basi ninalo moja," akasema. "Mwisho wa mwezi naacha kazi."

Bila yeye mboga zingeozea mlimani, na sisi sote tungerudi nyumbani kukaa.

"Mzee wangu, tumekukosea nini?"

"Tangu mhamishie mzigo Ijumaa mchana, sijaswali Ijumaa. Kila kikao nangoja Mengineyo. Nikifumbua mdomo tu, mnafunga kwa dua."

Aibu gani ile! Tulikuwa tunamfunga mdomo kwa dua mtu anayelilia swala. Nikawaka.

"Nani anaitaka hiyo Ijumaa?" nikauliza. Mhasibu akasema labda ni wakulima. Nikampigia kiongozi wa wakulima huko juu, simu kwenye spika, wote wasikie.

"Shikamoo, baba. Mzigo tukiuhamishia Alhamisi, itawezekana?"

"Marahaba, mwanangu. Alhamisi? Alhamdulillahi! Ijumaa inatutesa hata sisi. Tulidhani nyie ndio mnaitaka!"

Ofisi nzima ikalipuka. Mhasibu alikuwa anapiga meza kwa kicheko, huku anampigia mnunuzi wa Dar, naye akasema kwake siku ni siku, ilimradi mboga zifike mbichi. Nilitamani kikao kisiishe, mimi ninayevichukia vikao!

Chai ilipoletwa tulikuwa tumeshamaliza. Mama wa chai akasimama mlangoni na birika, akidhani amekosea siku.

"Kuna mengineyo?" nikauliza kabla ya kufunga.

"Lipo," akasema dereva. Akavuta sahani kwake taratibu.

"Kila Jumatatu mnanimalizia maandazi," akasema. "Mwezi ujao mniwekee mawili."