Mayai ya Jirani Kwenye Sanduku Langu

Baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kilosa unaoelekea Mikumi, ugonjwa wa mdondo ulipita ukamaliza kuku wa mama jirani. Alibaki na tetea mmoja, naye akataga mayai machache kisha akafa. Mayai hayo mama aliyafunga kwenye kanga akaniletea mimi, kwa kuwa bwana mifugo alikuwa amenifundisha kutotolesha vifaranga kwa sanduku la mbao lenye taa ya chemli chini yake. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na sanduku lenyewe nilikuwa sijalijaribu. Nilimwambia hivyo, maana ilikuwa haki yake ajue.

"Jaribu tu, mwanangu," akasema. "Nikiwakosa hawa, sina kuku tena."

Niliyaweka pamoja na yangu, na ili nisije nikampunja, ya kwake nikayachora msalaba kwa mkaa. Mume wangu alipochungulia alicheka mpaka akaketi chini.

"Mama wa watu anafunga Ramadhani, wewe umembatizia mayai!"

Niliona aibu, nikaifuta misalaba, nikachora maduara. Mama jirani aliposimuliwa alicheka kumshinda mume wangu. "Ungeacha tu. Kuku anasali wapi?"

Mimi sikucheka. Kipimajoto hatukuwa nacho. Nilikuwa naligusisha yai kwenye kope ya jicho, kama nilivyoonyeshwa. Likiunguza napunguza utambi, likipoa naongeza. Lakini siku nyingine mwenyewe nilikuwa na homa. Sasa hapo joto ni la yai au ni la kwangu? Mafuta ya taa nayo yalikuwa ya mgao. Yangu yalipokwisha, mama jirani alileta chupa yake, akawa anapika kabla ya giza na kukaa usiku bila taa. Hapo ndipo hofu ilipozidi.

Yangu yalianza kupasuka, ya maduara kimya. Nilitamani yangu yachelewe kidogo. Baadaye mawili ya kwake yakatoboka. Mayai mengine hayakutikisika kabisa. Kifaranga mmoja alitoka. Wa pili alitoa ncha ya mdomo, akapumua, akakwama.

"Mmenye huyo," akasema mama jirani, aliyekuwa amekuja kuchungulia. "Anachoka."

"Bwana mifugo alikataza, mama. Ukimmenya atavuja damu."

"Kwani bwana mifugo amezaa wangapi?"

Yeye alikuwa amezaa na amezalisha wenzake. Mimi nilikuwa na maneno ya kufundishwa tu. Nikamwambia, "Mayai ni yako, mama. Ukisema nimenye, namenya."

Alinyoosha kidole mpaka juu ya ganda, kikasimama hapo. Akakirudisha.

"Basi tungoje."

Tulingoja. Ule mdomo ukaacha kutikisika. Labda tungemmenya angepona, labda angetufia mkononi. Mpaka leo sijui, na sitamlaumu bwana mifugo wala mama.

Aliyetoka alikuwa mweusi. Alipokauka manyoya, mama alimweka kifuani, ndani ya kanga.

"Tetea au jogoo?"

"Bado haijulikani, mama."

"Itajulikana lini?"

"Mpaka akuekue."

Akafunua kanga kidogo, akamtazama.

"Wewe," akamwambia kifaranga, "usije ukaniwikia." Akaenda zake kwake, akitembea polepole kuliko siku zote.