Laini ya Mama Vyeti

Kijiji kizima kilimwita Mama Vyeti. Aliandikisha vizazi na vifo kwa kishikwambi cha serikali, kwenye chumba kimoja nyuma ya zahanati. Wakubwa waliobuni mfumo ule hawakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuishi bila simu. Kila jina lilidai namba, la sivyo ukurasa unagoma. Basi yeye, kwa huruma zake, kila asiye na simu alimwekea namba yake mwenyewe. Namba za uthibitisho zikiingia, anazijaza, cheti kinatoka.

Tatizo ni kwamba laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe. Na mumewe, alipofukuzwa nyumbani kwa sababu ya ngumi zake, alikwenda mjini akaifunga laini na kuifungua upya kwenye simu yake; sasa kila uthibitisho uliingia kwake.

Leo foleni ilifika nje. Mbele kabisa alisimama bibi na mjukuu wake wa kike aliyevaa sare; jina lake lilikwisha kuandikwa kwa namba ile, cheti bado. Jioni hiyo shule inafunga orodha ya mtihani wa mwisho, na asiye na cheti cha kuzaliwa hayumo.

"Mwanangu, usiniangushe," bibi alisema. "Huyu akikaa nyumbani mwaka mzima, shule ndiyo basi tena."

"Si umbadilishie namba tu?" mtu akadakia.

"Kubadilisha nako kunataka uthibitisho kutoka namba ya zamani."

Mama Vyeti alibonyeza. Kishikwambi kikaandika: *Umetumiwa uthibitisho. Dakika tano.* Alikuwa ameapa hatampigia mtu yule tena maishani. Akachukua simu yenye laini yake mpya, akaipiga namba ile ya zamani.

"Namba zako nimezipata," mumewe alisema, bila hata salamu. "Za nani?"

"Za mtoto wa watu. Ana mtihani."

"Saba. Mbili. Sifuri. Nne." Akaishia hapo.

"Mbili zilizobaki?"

"Weka spika. Niombe msamaha, hao watu wako wasikie."

Angemtukana, angeitupa simu ukutani! Lakini dakika zilikuwa zinayoyoma, na binti alikuwa anatafuna kola ya sare yake. Akaweka spika.

"Nisamehe, baba watoto. Mwenye makosa ni mimi."

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuliona jicho lake lilivyovimba mwezi uliopita.

"Tisa. Moja," sauti ilisema, simu ikakatwa.

Cheti kikatoka. Binti alikipokea akatoka mbio kuelekea shuleni. Bibi alimshika Mama Vyeti mikono yote miwili.

Aliyefuata alikuwa mama kijana mwenye kichanga mgongoni, nacho kilikwisha kuandikishwa kwa namba ile kabla laini haijafungwa. Hakusogea.

"Dada, mimi nitakuja kesho," alisema, macho chini.

"Kesho namba itakuwa ileile, mdogo wangu," Mama Vyeti alisema. Akajifuta macho kwa kiganja, akabonyeza jina la mtoto, kisha akampigia tena mumewe.