Mstari wa Mwisho Ukutani kwa Madam Leonor

Siku moja ya Dubai naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na nakusimulia kabla hujapanda ndege, maana naona cheti chako ni kipya na mabega yamekupanda kidogo. Yangu yalipanda zaidi. Nilitoka Webuye na diploma ya ujenzi, wa kwanza katika ukoo wetu, nikaibeba ndani ya bahasha ya plastiki isije ikapata hata alama ya kidole. Leo nina karakana yangu na nyumba ya ghorofa niliyoichora kwa mkono huu huu. Utasema mwamba ngoma huvutia kwake. Sawa, ila ngoma yenyewe ipo, njoo uione.

Tulikuwa tukikarabati nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, yenye mnara wa kuvuta upepo, katika mtaa wa zamani karibu na Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Aliyetupa kazi ni Madam Leonor, Mreno wa makamo. Baba yake aliishi humo alipokuwa injinia wa bandari, na zaidi ya uinjinia alikuwa mshairi. Waandishi wa Kireno waliopitia Dubai walikula samaki mezani kwake wakasomeana mashairi mpaka kahawa ikapoa. Kisha akafariki ghafla. Barua yake ya mwisho kwa mkewe, aliyekuwa Lisbon na mtoto mchanga, Leonor mwenyewe, ilisema amemwandikia shairi kwenye ukuta wa nyumba hii, mke atalisoma akirudi Dubai. Mke hakuwahi kurudi. Nyumba ikapangishwa kwa mfanyabiashara wa vitambaa, ikawa ghala. Sasa mama huyo, mzee wa kutembelea mkongojo, alikuwa anakuja Jumamosi kusoma shairi lake.

Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ile sikuyajua kwa sababu moja tu: sikuuliza.

Ilikuwa Alhamisi. Msimamizi wetu alitaka chumba cha mwisho kiwe cheupe kabla ya adhuhuri, yalla yalla, haraka haraka. Nikasogeza kabati zito lililoachwa na mwenye vitambaa, na nyuma yake ukuta ukawa umejaa maandishi meusi, mistari kumi na miwili iliyoshuka mpaka karibu na sakafu. Ukiwa umeishi kambi ya wafanyakazi, mwanangu, maandishi ya ukutani hayakushtui. Kwetu kambini kuta zilijaa namba za simu na majina ya wachumba, na kila ukaguzi ukikaribia tulipewa ndoo ya rangi nyeupe tufute. Nikaona ni yale yale.

Seremala wetu alikuwa Mzee Makame, Muunguja aliyelea watoto na wajukuu kule mtaa wa Al Twar. Aliweka randa chini akaja kusimama nyuma yangu.

"Mwanangu, usitie mkono hapo," akasema. "Huyu madam kila asubuhi apita akipapasa kuta. Kuna kitu akitafuta. Kamwulize."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya rangi, si ya mbao, na rangi mimi nimeisomea.

"Na Kireno umekisomea?" akaniuliza. Vijana wa Kampala waliokuwa wakipanga vigae wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniziba masikio.

Nikachukua msasa. Ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, na chuoni tulifundishwa kwamba rangi ya maji haishiki juu ya mafuta usipokwaruza kwanza. Nikaanzia chini, nikakwaruza vizuri kabisa, kazi ya mtu mwenye diploma. Msimamizi akapiga kelele kutoka ukumbini kwamba khalas, muda umekwisha. Basi sehemu iliyobaki nikaipaka hivyo hivyo bila msasa. Ukuta ukang'aa kama yai.

Madam Leonor aliingia, akaliona kabati limesogezwa, kisha akaona weupe. Akauliza kwa sauti ndogo kulikuwa na nini pale. Nikamwambia, maandishi tu, madam, nimeshayafuta. Akakaa sakafuni na nguo zake nzuri, akatueleza habari ya barua na ya mama yake. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mimi nilitandika upya kitanda cha wenyewe.

Nilitamani kukimbia. Mzee Makame akanishika mkono, akauliza jambo moja: sehemu gani niliikwaruza? Nikamwonyesha, shubiri moja kule chini. Nikiwa ninamjibu, moyo ukaruka, maana nililielewa swali. Juu sikukwaruza. Rangi haijashika.

Tulichemsha maji, tukachana kanga kuukuu ambayo Mzee Makame alifungia vifaa vyake, tukaanza kulowesha na kusugua taratibu kama tunaosha mtoto. Kwa muda hapakuwa na kitu ila uji mweupe unaotiririka. Kisha ikatokea herufi moja. Kisha neno. Nakuambia, mwanangu, nimewahi kupokea diploma mbele ya ukumbi mzima, lakini furaha ya kuona neno lile linarudi sijaipata tena. Vijana wa vigae waliacha kazi wakaleta maji. Madam alisoma kila mstari ulipochomoza, akilia na kucheka, na sisi tusiojua Kireno tukawa tunarudia maneno nyuma yake kama watoto wa madrasa. Kumi. Kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili haukurudi. Hapo msasa wangu ulikuwa umefika.

Jumamosi yule mama alisoma mistari kumi na mmoja amesimama, mkono ukutani. Alipofika pale palipokwaruzwa akainama kwa shida, akapapasa kwa kidole. Nikajitokeza nikamwambia ni mimi. Madam akatafsiri. Mama akanitazama, kisha akasema neno ambalo Madam alinigeuzia kwa Kiingereza: "Huo nitamwuliza mwenyewe. Hatukawii kuonana."

Alinisamehe, na kazi sikufukuzwa. Lakini mstari ule hakuna aliyeusoma, wala hatapatikana wa kuusoma duniani.

Basi shika hili, mwanangu. Soma, uchukue na diploma ya pili ukiweza. Sikudanganyi kwamba elimu ni bure, imenijengea nyumba. Ila cheti kinakufundisha kazi, hakikufundishi nyumba ya mtu. Ukiingia mlango wa wenyewe, kabla hujafuta wala kung'oa, muulize mwenyewe, na mkubwa akikuambia ngoja, ngoja, hata kama wenzako wanacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi langu ni zima. Nililolivunja ni la mwingine, na hilo ndilo zito zaidi.

Nenda salama. Mungu aupe mkono wako ufundi na ulimi wako wepesi wa kuuliza, na kila nyumba utakayoigusa ikutaje kwa heri.