Sauti Isiyoisha

Vita vya Burundi vilipokaribia mwisho, hakuna kitu duniani kilichoweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kutengeneza redio za watu mtaani Buyenzi sina hata ndevu, na studio yangu ya kurekodi ndiyo iliyokuwa ya kwanza mtaani kuwa na ordinateri, yaani kompyuta. Waliosoma walikuja kwangu, si mimi kwao.

Ndani ya ordinateri hiyo kulikuwa na programu ndogo ya mwangwi. Unaipa sauti, inaishika, halafu inakurudishia baada ya muda unaoutaka wewe, mara unazozitaka wewe. Ukizungusha kitufe cha kurudia mpaka mwisho, neno halifi. Niliichezea wiki nzima: nikaipa kikohozi changu, mlango, hata risasi zilizokuwa zikilia upande wa Gihosha, mpaka risasi moja ikawa ngoma ya kuchezeka.

Wiki hiyo alikuja mjane mmoja Mkongomani, mkazi wa Musaga. Mumewe alikuwa kiongozi wa kwaya, akapigwa risasi njiani akitoka kazini. Jumamosi walikuwa wanaondoa matanga, na mama yule alitaka mumewe aongoze wimbo mwenyewe, wanakwaya wamwitikie. Alikuwa na kaseti moja ya mazoezi, marehemu akiita ubeti mmoja tu. Niliinakili kwenye ordinateri, kisha redio yangu ya kaseti ikaumeza ule mkanda ukakatikakatika. Nikamwambia asihofu, sauti iko salama.

Halafu nikaipamba. Niliitia mwangwi, kitufe mpaka mwisho, nikaihifadhi juu ya ile safi. Diski ilikuwa ndogo, na mimi sikuwa mtu wa kurudi nyuma.

Alhamisi wakaja wanakwaya kumi na wawili kurekodi maitikio, mjane pamoja nao. Nikabonyeza. Marehemu akaita, wao wakasimama kimya. Nikarudia, kimya. Nilidhani ni machozi, nikatoka kuwauliza. Akajibu mkubwa wao, mama muuza samaki:

"Patron, yeye hajamaliza."

Nikamwambia amemaliza zamani, ile ni mashine tu.

"Basi mashine imemukataza kumaliza. Kwetu kiongozi akiwa bado anaita, mutu haitike. Ni yeye alitufunza hivyo. Ukimukata, unatoka inje ya kwaya."

Mwanamume wa sauti nzito akasema kwa mwendo huu tutamzika na huyu patron, mwenye studio, kabla hatujaitikia. Wakacheka, isipokuwa mjane.

"Ondoa hiyo ingine yote," akaniambia. "Utuachie yeye."

Nikarudisha kitufe mwanzo. Mwangwi ukabaki pale pale, umeshaingia ndani ya sauti kama chumvi ndani ya mchuzi. Nilihangaika saa nzima. Kuongeza nilijua, kuondoa sikujua.

"Kaseti umekula," akasema mjane, "sasa na bwana yangu umemula."

Nikauliza kama kuna nakala nyingine. Ilikuwepo, Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa kaka mkubwa wa marehemu, lakini mzee huyo hakuwa akituma kitu kwa mkono wa mtu mwingine; anayekitaka humfuata.

Ijumaa nikavuka mpaka mwenyewe. Mzee alinikalisha, akanipigia ile kaseti mara tatu, akinitazama usoni. Nikamwomba aniazime. Akasema kitu cha marehemu hakiazimwi: ama kinarithiwa, ama kinanunuliwa, na mimi sikuwa ndugu. Alitaja bei. Nilizoea kupunguza bei za watu. Siku hiyo sikupunguza.

Jumamosi asubuhi wanakwaya wakarudi. Marehemu akaita, sauti kavu, na kikohozi cha mtu fulani nyuma yake. Akamaliza. Pakapita pumzi moja, kisha wote kumi na wawili wakaingia. Nilirekodi tu, sikugusa kitufe kingine chochote. Mchana ule ule wimbo ukapigwa Musaga, mbele ya watu wa matanga.

Mjane alitaka kunilipa, nikakataa. Nilitoa mfukoni mwangu nauli ya gari kwenda na kurudi, karatasi ya mpaka, bia mbili za mzee na kaseti yenyewe: faranga za Burundi elfu thelathini na moja na mia nne.