Sauti ya Mama Mdogo Kwenye Kinasa

Baba mdogo ni kinyozi. Unywele mmoja uliobaki nyuma ya sikio la mteja anauona, lakini maandishi madogo hayaoni ng'o. Miwani hataki. Anasema miwani ni ya wazee, naye ana miaka sitini na minne tu.

Ana kinasa sauti cha mfukoni, cha kupigia na muziki, kikuukuu. Programu iliyokuja nacho aliing'oa akaweka programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha apendavyo. Akagundua inaweza kumsomea menyu, na sauti ya kusoma unaiweka mwenyewe. Basi akamkalisha mkewe, mama mdogo, sebuleni, asome neno moja moja. Kumbe mama mdogo hawezi kusoma neno akaliacha lilivyo. Ukiongeza sauti, anakwambia, "Ongeza, majirani nao wana masikio." Betri ikipungua, "Chaji inaisha. Ulikuwa wapi siku zote?" Wateja wakawa wanakuja kunyolewa hata nywele hazijaota, mradi wamsikie.

Jumamosi moja kibanda chake cha kunyolea kimejaa, kinasa kimechomekwa kwenye spika, nyimbo zinajichagua zenyewe. Baada ya wimbo wa mapenzi ukaja mkoromo. Mrefu, na kiitikio juu. Ulikuwa wa mama mdogo, mumewe alimrekodi usingizini. Mteja mmoja akauliza hiyo ni bendi gani. Na mama mdogo mwenyewe yupo mlangoni, kaleta chakula.

Hakugomba. Afadhali angegomba! Alinyamaza wiki nzima, ya pili ikaingia. Chakula anaweka, neno hatoi. Baba mdogo, mtu wa domo kama yule, akaanza kukonda. Sauti ya mkewe akawa anaipata kwa kubonyeza tu: anaongeza, anapunguza, anaongeza tena. Mimi mwenyewe nilimwonea huruma, na kidogo nilicheka.

"Si umwombe radhi?" nikamwambia.

"Nimwombe vipi mtu asiyenijibu?"

"Wewe omba. Kujibu ni kazi yake."

Akasonya. Lakini jioni hiyo akaketi sebuleni, mama mdogo akikunja nguo chumbani, mlango wazi, akautafuta ule mkoromo aufute. Akabonyeza. Kinasa kikauliza kwa sauti ya mama mdogo, "Futa? Una uhakika, au ni pupa zako?"

Kidole kikasita. Mzee wa watu akaanza kukijibu kinasa.

"Sina uhakika, mke wangu. Nikilala kwa kaka, usingizi hauji mpaka niusikie mkoromo wako. Nilikurekodi kwa ajili hiyo, sikutaka watu wakucheke. Nisamehe."

Chumbani nguo zikaacha kukunjwa.

"Basi usifute."

Baba mdogo akakigeuza kinasa, akakitazama mgongoni, akakitikisa. Maneno hayo hakumbuki kuyarekodi.

"Huku, mume wangu," mama mdogo akasema. "Niko huku."