Mkaanga Bajia na Sauti ya Video

Tangu ruksa ya biashara ilipokuja na Haroub akafungua banda la video hapo Usagara, mkaanga bajia wa nyuma ya banda hajapata kuingia ndani, lakini kila filamu ya Kihindi anaijua kwa masikio, kupitia ukuta wa bati. Fidla zikianza, kijiko cha matundu husita juu ya karai, naye hufumba jicho moja kama mtu aonjaye chumvi. Wateja humngoja. “Hii msiingie,” huwaambia. “Fidla zinalia tangu mwanzo na hajafa mtu. Filamu gani haina haya?” Basi hununua bajia wakaenda zao.

“Bibi, utanifungisha banda,” Haroub akamlalamikia.

“Lete zenye muziki, mwanangu. Hizo zako za ngumi ni masufuria yanaporomoka kabatini.”

Jumamosi Haroub akaikata sauti kabisa, amkomoe. Bibi akakaanga kanuna, kama aliyenyimwa chakula arusini. Kumbe mle ndani hakuna ajuaye Kihindi. Vinanda ndivyo vilivyokuwa vikiwaonyesha pa kulia. Mama yake staringi akaporomoka ngazini akafa, na banda zima likaangua kicheko.

“Jamani, huyu kafa,” Haroub akawaambia. Wakazidi kucheka, na wengine wakaanza kudai warudishiwe kiingilio, nauli ya macho yao. Ikabidi airudishe sauti. Fidla zikapanda, na upande wa pili wa bati mkaanga bajia akasikiliza kidogo, akageuza bajia zake.

“Haya, lieni,” akawaambia. “Mama wa watu kafa zamani.”

Wakalia.