Sabini kwa Sabini

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi kukaa kwa baba, hapa kijijini Daa, nikiwa na boksi la chaki na wanafunzi wa darasa la sita ambao sikujua nitawapatia wapi. Redio ilifundisha hesabu, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo, na nyumba nyingi betri zilikuwa za tochi. Nikajiuliza ni wapi kila nyumba itafika tu, hata dunia yote ikifungwa. Mashineni. Ugali haukufungwa.

Kila Jumamosi nikawa nabandika swali moja kwenye mlango wa mashine ya kusaga, kwa kalamu nene juu ya karatasi ya manila. Majibu yalitiwa kwenye debe kando ya ndoo ya kunawia mikono, na Jumamosi iliyofuata nilibandika jibu sahihi na majina ya waliopata. Swali la kwanza lilihusu foleni yenyewe: watu kumi na watano wamesimama, kati ya mmoja na mwenzake hatua mbili, je, foleni ina urefu wa hatua ngapi? Wengi walisema thelathini. Hata mwenye mashine alisema thelathini. Nilipomwonyesha kuwa nafasi kati ya watu kumi na watano ni kumi na nne tu, alinuna, halafu akaanza kuwatega wateja wake kwa swali hilohilo.

Swali la tatu lilikuwa la shamba. Pima shamba lenu kwa hatua, urefu na upana, kisha tafuta eneo. Huku kwetu hata asiyesoma anajua kuwa ekari ni hatua sabini kwa sabini, na mashamba ya upande wetu yaligawiwa zamani ekari mojamoja, mraba. Nilidhani nimetoa swali la kuwapa moyo wale wazito.

Binti wa mama mjane tunayepakana naye aliandika: urefu 75, upana 65, eneo 4875. Kuzidisha alikuwa amezidisha vizuri. Nikachora kosa kubwa jekundu, nikaandika chini yake, "Hatua zako ni fupi. Rudia." Ningependa kusema kwamba sikufikiria shamba lile linapakana na la nani. Nilifikiria, kidogo, kisha nikachukua karatasi nyingine haraka.

Siku ya tatu baada ya kurudishiwa karatasi alisimama getini, barakoa ya kitenge ikiwa imeshuka kidevuni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umerudia?"

"Nimerudia mara tatu, inakuja ileile. Mwalimu, hatua zikiwa fupi si zinazidi sabini? Urefu zimezidi. Upana mbona zimepungua?"

Nilimwambia aende nyumbani, nitaangalia. Alipopotea njiani niliingia shambani kwetu nikapima. Urefu, sabini. Upana, sabini na tisa. Nikarudia upana nikitanua miguu makusudi, mtu mzima na diploma yangu, nikapata sabini na saba.

Hakuna aliyeiba. Mpaka ulikuwa ukanda wa majani na mikonge michache, na mikonge ilishakufa. Kila msimu plau ya baba ilikula mstari mmoja wa yale majani, kwa sababu ng'ombe wakigeuka wanataka nafasi. Jirani yetu alipofariki hakubaki mtu wa kugomba. Mjane hakuwa na ng'ombe wa kulimia. Aliyemlimia, bure, kila mwaka, alikuwa baba huyohuyo, na yule mama hakuchoka kumshukuru.

Nilimkuta baba anafunga kamba za nira.

"Baba, shamba letu lina upana wa hatua sabini na tisa."

"Nani kakutuma kupima?"

"Ni swali la mashineni. Mtoto wa jirani amepata pungufu upande wao."

"Mtoto hatua zake fupi. Mwalimu mzima hujui hilo?"

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na kuyasikia mdomoni mwake kulinitia aibu. Nikamwambia hatua fupi zinaongeza hesabu, hazipunguzi. Aliacha kamba, akaniangalia.

"Shamba hilohilo ndilo lililokusomesha," akasema.

Ni kweli. Ada yangu ilitoka kwenye mbaazi za pale. Tangu hapo hakuniambia neno ila kuomba chai.

Ijumaa niliandika karatasi mbili za majibu. Moja ilikuwa na jina la yule binti na vipimo vyake, nyingine haikuwa nalo. Niliogopa baba asije akasomwa mlangoni na kila mwenye debe la mahindi. Niliogopa pia kwamba mtoto aliyepata jibu la kweli angejifunza kutoka kwangu kuwa jibu hutegemea jirani ni nani. Nilizikunja zote mbili, nikaziweka mezani.

Asubuhi baba aliziona. Alizisoma moja baada ya nyingine, akaziacha hapohapo. "Muite yule mtoto," akasema. "Na mama yake."

Baba alianzia mpaka wao wa mbali, kwenye jiwe, akaenda kwa miguu yake mirefu. Binti alimfuata akihesabu kwa sauti. Walivuka mahindi yao, wakaingia kwenye yetu. "Sabini," akasema, na baba akasimama katikati ya mistari, akachomeka fimbo.

"Mahindi ya huku ni yenu," akamwambia mjane, akionyesha upande wao wa fimbo.

"Mzee, na miaka yote umenilimia!"

"Kulima ni kulima," baba akasema, akaondoka bila kumtazama mtu.

Nilibandika karatasi yenye jina la binti. Binti alikuja nami hadi mashineni, akasoma jina lake mara mbili, halafu akatoa mfukoni karatasi yake ya zamani.

"Mwalimu, hapa bado umenikosesha."

Nikachora vema juu ya lile kosa, nikakandamiza kalamu. Akaitazama kwa makini.

"Kosa bado linaonekana."

"Liache," nikamwambia. "Hilo ni langu."